Muulize Fundi: Gesi ya Friji Haiishi Kama Mafuta ya Taa

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya mafriji na majiko ya bei mbaya, nikasema yanataka fundi aliyeyazoea. Barua zilizokuja zimenishangaza. Kumbe mjini kuna jikoni nyingi zenye vyuma vya thamani vilivyosimama kama makabati. Nimejibu nne. Ya kwanza nimeirefusha makusudi, kwa kuwa ndani yake kuna hatari ambayo mwandishi hakuiona.

Friza inagandisha, juu maziwa yanachacha

*Shikamoo Fundi. Mwaka jana dada yangu alirudi nyumbani kutoka Maryland, Marekani, na kontena la vyombo. Humo mlikuwa na friji kubwa la kujengewa ukutani, friza ikiwa chini, na jiko la gesi la plate sita lenye oveni. Anasema friji hilo peke yake lilikuwa bei ya gari. Tuliliunga kwa transfoma. Miezi saba likawa zuri, kisha sehemu ya juu ikaacha kupoza, maziwa yanachacha, lakini friza inagandisha kama kawaida. Fundi wa kwanza akasema gesi imeisha, akajaza kwa laki tatu na nusu. Likapoza siku nne. Wa pili akasema kompresa imekufa, anataka milioni moja na laki nane. Wa tatu akasema ubaya ni transfoma. Dada amechoka, anataka kuwaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumwamini nani? Nakutumia picha. Halafu, ukipata nafasi: lile jiko moto wake ni mrefu wa njano na masufuria yanakuwa meusi. Tumeambiwa gesi ya siku hizi imechakachuliwa. – Mdogo mtu, Mbezi Beach*

Marahaba, mwanangu. Naanza na mstari wako wa mwisho, ule ulioutia kama chumvi ya juu juu. Lizimeni jiko hilo leo. Fungeni mtungi, fungueni madirisha, mpikie mkaa au chochote kile, nje, mpaka lirekebishwe.

Gesi haijachakachuliwa. Jiko ndilo ambalo halikutengenezwa kwa gesi hii. Nyumba nyingi za Marekani hupikia gesi asilia inayoingia ndani kwa bomba kama maji, tena kwa presha ndogo. Mtungi wetu una LPG, yaani propani na butani, na ujazo ule ule wa LPG una joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Kwa hiyo nozo za jiko la gesi asilia, vile vishaba vyenye kitundu chini ya kila plate, hutobolewa pana zaidi. Ukizilisha kwa mtungi, gesi inafurika, hewa ya kuichoma haitoshi, moto unarefuka na kuwa wa njano, masizi yanapanda sufuria. Masizi unayaona. Usichokiona ni kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu kali iliyotiwa kwenye gesi ya mtungi ili ujue ikivuja haitakusaidia hapa, maana gesi yenyewe imeshaungua. Na nyumba za huko kwenu najua madirisha yanafungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Mpishi anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni jua.

Dawa ipo. Watengenezaji wa majiko ya daraja hilo huuza seti ya kubadilishia kwa kila modeli: nozo ndogo zenye namba iliyogongwa, pamoja na maelekezo ya kugeuza au kubadili regyuleta ya jiko lenyewe, ambayo si ile ya kwenye mtungi. Vyote viwili vinatakiwa. Mtumieni ndugu anayekuja kutoka huko, ni mzigo wa kuingia mfukoni. Na oveni nayo ina nozo zake; mimi nimekuta majiko mawili yaliyobadilishwa plate zote, oveni ikasahauliwa. Akija mtu akasema ataziba nozo za zamani kwa risasi kisha azitoboe upya kwa sindano, mpe chai umsindikize. Niliwahi kuchomoa ndani ya nozo kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa ili "kupunguza gesi". Siku ya kukabidhiwa kazi, moto uwe wa bluu, mfupi, umekaa kwenye plate bila kuruka wala kunguruma.

Sasa friji. Mafundi watatu wametoa majibu matatu, na ninyi mnaulizana nani mwongo. Mimi naona kila mmoja ameacha ushahidi nyuma yake.

Kwenye picha uliyopiga nyuma ya grili ya juu naona kompresa mbili. Hilo ndilo neno la kwanza ambalo kila fundi aliyeingia hapo alipaswa kulisema kwa sauti. Friji la kawaida la dukani Kariakoo lina kompresa moja: ubaridi hutengenezwa friza, kisha feni inausukuma kidogo kwenda upande wa vyakula. Kwa friji la namna hiyo, friza ikiwa nzima na upande wa vyakula ukawa na joto, gesi ni kitu cha mwisho kukifikiria. Mara nyingi barafu imeziba njia ya hewa kwa sababu hita ya kuiyeyusha imekatika, au feni imesimama. Lakini baadhi ya haya ya kifahari yana mizunguko miwili isiyokutana. Kampuni ya Sub-Zero ya Madison, Wisconsin, iliyoanza mwaka 1945, imejijengea jina kwa mpango huo, na wengine nao wanao. Juu kuna kompresa yake, gesi yake na kivukizo chake, yaani bomba la kupozea, na chini vivyo hivyo. Ni mafriji mawili yaliyovaa koti moja. La juu linaweza kufa na la chini lisipate habari.

Wapime basi wale mafundi. Wa tatu: transfoma inalisha pande zote mbili, ingekuwa ndiyo inayoua, friza nayo ingelia. Wa pili: kompresa iliyokufa haipozi siku nne baada ya kutiwa gesi. Labda imekufa baada ya hapo, na hilo linapimika kwa dakika tano kwa mita na klampu. Je, alipima, au aligonga kwa bisibisi akasikiliza? Wa kwanza ndiye aliyekaribia, na ndiye aliyeharibu. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa, ile ile, miaka ishirini. Ikipungua kuna tundu. Kujaza bila kutafuta tundu ni kutia maji kwenye pakacha, tena kwa laki tatu na nusu.

Kuna kitu nataka ukakitazame. Kwenye bomba dogo linalotoka kwenye kompresa ya upande wa juu, je, kuna kidude cha shaba kilichobanwa kwa skrubu, chenye kofia kama ya vali ya baiskeli? Kama kipo, fundi wa kwanza alitoboa bomba kwa pini ili aingize gesi, kisha akakiacha pale pale. Mpira wa kidude hicho haudumu. Inawezekana kabisa sasa mna matundu mawili, moja la asili na jingine la kununua.

Kibandiko umekipiga picha vizuri, ahsante. Kimeandikwa R134a, ndilo jina la gesi yenyewe, na kiasi chake kwa onsi, mzunguko wa juu peke yake na wa chini peke yake. Onsi moja ni gramu 28 na ushei. Kiasi hicho hupimwa kwa mizani, mtungi wa gesi ukiwa juu yake, si kwa kushika bomba na kusema "limeshapoa". Mzunguko mdogo kama huo hauna nafasi ya makadirio: gramu chache zikizidi au zikipungua, kompresa inanguruma usiku na mchana bila kufikia ubaridi unaotakiwa.

Fundi mnayemtafuta si lazima awe na fulana ya kampuni. Mpigie simu kabla hajapanda bodaboda. Muulize atatafutaje tundu. Jibu ni nitrojeni na povu la sabuni, au kifaa cha kunusa gesi. Muulize kama atabadilisha draya, kile kichujio kidogo kinachonyonya unyevu ndani ya mzunguko. Mzunguko ukifunguliwa draya hubadilishwa, hapo hakuna mjadala. Kisha muulize vakyumu, yaani kutoa hewa yote ndani ya bomba, ataivuta kwa kitu gani na kwa muda gani. Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Wenzangu wengi wa mjini wanavuta kwa kompresa waliyoing'oa kwenye friji bovu. Nilifanya hivyo miaka mingi, sijitoi. Kompresa ya namna hiyo haina nguvu ya kukausha unyevu ulio ndani ya bomba, na hewa ya Dar es Salaam mnaijua, hata chumvi kwenye kikopo inatoa machozi. Unyevu kidogo ukibaki unaganda pale kapilari, lile bomba jembamba, inapoishia na njia inaziba. Friji linapoza, linaacha, linapoza tena, na mtu anakwambia gesi imeisha. Nataka pampu ya vakyumu ya kweli, nusu saa hadi saa nzima, na kipimo cha kuonyesha kwamba ukiifunga presha haipandi.

Yule wa tatu nisimtupe kabisa. Alikosea ugonjwa huu akaona mwingine. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, hezi ikiwa ni mara ambazo umeme huenda na kurudi kwa sekunde moja. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Mota ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 ukiipa 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, huku ikinywa umeme zaidi na kuchemka. Haifi leo. Inazeeka haraka. Zamani tulikuwa tunashusha transfoma hadi volti 100 ili mota ipumue, na kwa friji lisilo na bodi ya elektroniki ilisaidia. La dada yako lina bodi, nisingethubutu. Njia safi ni inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, yenye wimbi safi inayotoa volti 120 na hezi 60, ikilishwa na betri ambazo nazo zinachajiwa kwa umeme wa nyumba au sola. Ni ghali, lakini mnazungumzia friji la bei ya gari. Na iwe kubwa, maana kompresa ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Msiliuze kabla tundu halijajulikana liko wapi. Likiwa kwenye kivukizo, kinabadilishwa. Kiagizeni kwa namba ya modeli na namba ya mfululizo, zote mbili, maana vipuri hubadilika modeli ikabaki na jina lile lile. Likiwa ndani ya ukuta uliojazwa povu gumu, hapo mwambie dada aongee na wa vyuma chakavu. Na dhamana ya Maryland kwa kawaida hubaki Maryland. Jingine dogo: mkiwa mmefungua hiyo grili, pitisheni brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi kwenye kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje. Kwenye picha yako naona pazia la vumbi ambalo hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyeligusa.

Oveni inahesabu saa, keki inatoka mbichi

*Habari ya kazi, Fundi. Nilinunua oveni ya ukutani ya Ulaya kwa bei nafuu kutoka duka moja lililokuwa linafunga biashara hapa Kilimani. Ilikuwa imewekwa pale mbele kwa maonyesho, haijawahi kutumika. Taa ya ndani inawaka, feni inazunguka, saa inahesabu vizuri, lakini hakuna joto hata kidogo. Fundi wa stima anasema elementi zote zimeungua, elfu thelathini na mbili. Nimlipe? – Baba Wawili, Nairobi*

Usimlipe bado, ndugu yangu. Oveni hiyo ina elementi ya juu, ya chini, na pengine ya nyuma kuzunguka feni. Zife zote siku moja, katika oveni isiyowahi kuoka hata mkate? Huo ni msiba wa ukoo mzima bila ajali.

Umejibu swali lako mwenyewe uliposema ilikuwa ya maonyesho. Oveni nyingi za daraja hilo, na majiko ya indaksheni, na hata mafriji, yana hali ya dukani: mwuzaji anaiwasha ili mteja aone taa na kugusa vitufe bila mtu kuungua na bila bili ya stima. Joto linafungwa, kila kitu kingine kinacheza. Zima swichi yake ukutani, subiri dakika moja, washa huku ukitazama kioo. Mara nyingi neno "demo" au alama yake hupita hapo haraka. Namna ya kuitoa hutofautiana kwa kila modeli, huwa ndani ya kitabu kwenye ukurasa wa mipangilio, na kitabu hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiandika namba ya modeli iliyo kwenye fremu ukifungua mlango.

Ikiisha kutoka na bado hakuna joto, mwite fundi apime kila elementi kwa mita mbele yako. Iliyokatika haionyeshi usomaji wowote. Hata wewe unaweza kuisoma.

Kutoka Maskati hadi Mbweni

*Assalaam alaykum Fundi. Mjomba wetu yupo Maskati na anataka kutuletea friji kubwa na mashine ya kuoshea vyombo kwa nyumba tuliyoijenga Mbweni, Unguja. Naogopa, kwa sababu jirani yetu aliletewa friji kutoka Jeddah likaungua wiki ya pili. Na letu litaungua? Maji yetu ni ya kisima. – Bi Mkubwa wa Mbweni*

Waalaykum salaam, Bi Mkubwa. Oman si Saudia. Umeme wa Oman ni volti 240 na hezi 50, na plagi ni ile ile yetu ya miguu mitatu bapa. Chombo kinatoka kontena kinaingia ukutani. Saudia ni hezi 60, kwa hiyo rudi kwenye jibu la mdogo mtu wa Mbezi Beach. Mwambie Mjomba asome kibandiko: kikiandikwa 50/60 hakuna neno, kikiandikwa 60 peke yake akiache dukani.

Kuna herufi nyingine aitafute, ambayo wauzaji wenyewe hawaisemi. Kila friji lina daraja la hali ya hewa. N limeundwa kwa chumba chenye nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Jiko la Unguja mwezi wa Februari, sufuria ya biriani iko motoni, si mahali pa friji la N, hata liwe la dhahabu. Atafute T.

Mashine ya vyombo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kisiwa chenu ni mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanayopita humo huja na chokaa nyingi. Itazame birika lenu ndani, ule ukoko mweupe. Huo utakaa kwenye hita ya mashine. Mashine nyingi za Ulaya zina kichujio cha kulainisha maji chenye tundu la chumvi sakafuni, lakini si kila zinazouzwa Ghuba zinacho, basi aulize kabla ya kulipa. Chumvi yake ni ile ya mawemawe ya mashine hizo. Ya mezani usitie, ina madini joto na vitu vya kuizuia isigandane, vinaziba. Kisha mkipata mashine, pimeni ugumu wa maji yenu na mkiweke kiwango hicho kwenye mipangilio. Watu wengi wanatia chumvi kila mwezi na mashine bado inadhani iko Stuttgart. Ila kama kisima chenu ni cha maji ya chumvi ya bahari, kichujio hicho hakitoi chumvi hiyo, na chuma kitaliwa. Hapo mngojee maji ya bomba au tangi la mvua.

Na asitupe kitabu wala risiti. Avibandike ndani ya mlango kwa gundi ya karatasi.

Wateja wa Capri Point

*Shikamoo mzee. Nimemaliza VETA fani ya majokofu na viyoyozi, nipo Mwanza. Mafriji ya kawaida nayaweza. Lakini nikiitwa nyumba za Capri Point, wakiniona na begi langu wananiuliza kama nimetumwa na kampuni, na wakati mwingine mimi mwenyewe nikifungua mgongo wa hivyo vifaa vyao naogopa. Nifanyeje niwe fundi wa vifaa vya juu? – Kijana wa Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Hofu hiyo usiiondoe haraka. Mimi sikuwa nayo, ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Nilijifunza kazi dukani kwa mjomba wangu wakati gesi ya friji ilikuwa R12 na kompresa ilikuwa kompresa. Ina pini tatu. Unapima kwa mita, unapata namba tatu tofauti, na mbili ndogo zikijumlishwa zinatoa ile kubwa. Zisipotoka hivyo, koili imeungua. Kanuni hiyo ilinilisha miaka kumi na tano. Mwaka 2011 nikaitwa Oysterbay kwa mama mmoja mwenye friji jipya la milango miwili ambalo halikuwaka. Nikapima pini tatu. Namba zote tatu sawa. Nikatingisha kichwa kama daktari, nikamwambia mama kompresa imekufa. Nikaitoa, nikaweka ya kawaida yenye rilei yake, nikairukisha bodi kwa themostati ya kuzungusha. Likapoza! Nikalipwa. Baada ya wiki mchicha unaganda, milango inatoa jasho, na kile kioo cha mbele kimezima kabisa. Mwaka haukuisha likawekwa barazani.

Ile kompresa ilikuwa ya inveta, inayobadili kasi yake kwa amri ya bodi. Ndani yake kuna koili tatu zilizo sawa, na namba tatu sawa ndiyo dalili ya uzima. Nilizika mtu anayepumua. Ugonjwa wenyewe niliujua miezi kadhaa baadaye, nilipoifungua ile bodi karakana nikitafuta vipuri: mjusi kafiri, amekauka, amelala juu ya njia mbili za umeme, na fyuzi ya bodi imekatika. Fyuzi na brashi ya meno, basi.

Kwa hiyo anza na kununua vipimo kabla ya kununua fulana. Malitimita nzuri, klampu, mizani ya gramu, pampu ya vakyumu, kikata bomba. Usipime kitu kwa mita kabla hujakitazama kwa tochi. Nzi, sisimizi na mijusi wanapenda bodi kwa sababu ni ya moto. Pakua kitabu cha fundi cha modeli husika usiku kabla hujaenda, ukisome kitandani. Kama hakipatikani na kifaa hujawahi kukiona, mwambie mteja hivyo hivyo, na umwombe siku mbili.

Jihadhari na R600a. Mafriji mengi mapya ya Ulaya na Asia yanatumia hiyo. Ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Ndani ni gramu chache, pengine 50 au 60, lakini zinatosha kukuchoma uso jikoni kwa watu. Usiweke moto kwenye bomba lenye gesi hiyo. Fungua madirisha, itoe nje kwa mpira, kata bomba kwa kikata, pitisha nitrojeni, ndipo ufikirie kuchomelea. Na usiijaze R134a mahali pa R600a kwa kuwa ndiyo uliyonayo begini.

Kuhusu pesa. Hao wa Capri Point watakubali kulipa laki nane za kompresa isiyotakiwa, lakini watakasirika ukiwatoza elfu hamsini za kuja na kupima. Watoze. Sema bei hiyo kwenye simu, mapema, na useme ni ya kupima hata kama mwisho wa siku hakuna kitakachobadilishwa. Fundi asiyelipwa kwa kupima atalazimika kupata riziki kwenye kipuri, na hapo ndipo makompresa yanapofia. Ukipima, andika namba ulizopata kwenye karatasi, mwachie mteja. Akimwita fundi mwingine, huyo naye atajua wewe ni nani.

Nilimrudia yule mama wa Oysterbay na mjusi wangu ndani ya bahasha ya kaki. Nikamweleza kila kitu, nikamrudishia pesa ya kazi kwa awamu tatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo ni mteja wangu, tangu oveni hadi mashine ya kahawa, na akipiga simu salamu yake ni moja: "Fundi, njoo na bahasha."